Gharama ya Swali: Historia ya Adabu za Kuuliza na Kujibu katika Mitandao ya Wataalamu wa Kompyuta

Adabu za kuuliza na kujibu maswali ya kiufundi kwenye mitandao ya kompyuta hazikutungwa na chuo wala serikali. Zilikua zenyewe, hasa katika robo ya mwisho ya karne ya ishirini, miongoni mwa wahandisi na wanafunzi waliosaidiana bila malipo na mara nyingi bila kuonana, na karibu kila kanuni iliyodumu ilitokana na gharama ambayo mtu mmoja aliibeba kwa ajili ya wengine: kwanza bili ya simu, baadaye nafasi ya kuhifadhia ujumbe, na hatimaye muda wa yule anayejibu. Anayezisoma kanuni hizo leo pasipo kuijua gharama iliyozizaa huziona ama kuwa ukali usio na sababu, ama kuwa sheria zisizogusika, na kwa namna zote mbili hushindwa kuelewa ni kwa nini watu wenye ujuzi adimu walikubali, kwa zaidi ya miaka arobaini, kuwajibu watu wasiowajua.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa upole kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1969, ARPANET, yaani mtandao wa utafiti uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ulipokuwa ukiandaliwa, kazi ya kubuni taratibu za mawasiliano kati ya kompyuta za vyuo mbalimbali iliachiwa kikundi kidogo ambacho wengi wao walikuwa wanafunzi wa shahada za juu. Mmoja wao, Steve Crocker wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alianzisha mwezi Aprili mfululizo wa nyaraka zilizoitwa maombi ya maoni, ambazo hadi leo hujulikana kwa herufi tatu za RFC, na katika waraka wa tatu aliweka masharti mepesi mno ya uandishi: waraka ungeweza kuwa na sentensi moja tu, wazo lingeweza kutolewa bila mifano, na swali lingeweza kuulizwa bila mwulizaji kujaribu kulijibu. Sababu zake alizieleza humo humo. Maandishi, kwa mazoea ya watu, huchukuliwa kuwa kauli ya mwisho, na mtu huona haya kutoa hadharani jambo ambalo hajalikamilisha. Crocker alitaka kuyavunja mazoea hayo yote mawili ili mazungumzo yapate kwenda. Ruhusa hiyo ya kuuliza swali tupu inafaa kukumbukwa, kwa kuwa miaka thelathini baadaye kanuni ilikuwa imegeuka kinyume kabisa, na swali lisiloonyesha jasho la mwulizaji lilihesabiwa kuwa utovu wa adabu. Wasomaji wa nyaraka za Crocker walikuwa wachache, walifahamiana, na walilipwa kufanya kazi ileile, kwa hiyo swali la mmoja lilikuwa sehemu ya kazi ya wote.

Hali ilikuwa nyingine kwa watumiaji wa Unix. Huu ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiwezesha kompyuta kuendesha programu nyingine, uliobuniwa kuanzia mwaka 1969 katika maabara za Bell, zilizokuwa chini ya kampuni ya simu ya AT&T. Kwa makubaliano ya kisheria ya mwaka 1956 kati yake na serikali ya Marekani, kampuni hiyo ilizuiwa kufanya biashara nje ya mawasiliano, na kwa sababu hiyo iliutoa mfumo huo kwa vyuo vikuu kwa ada ndogo, pamoja na msimbo wake wa chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na waundaji wake, lakini bila huduma yoyote baada ya hapo. Chuo kilichokumbwa na hitilafu hakikuwa na pa kulalamika. Kilikuwa na msimbo, kilikuwa na mwongozo uliochapishwa, na kilikuwa na vyuo vingine vilivyokuwa katika shida ileile. Utamaduni wa kuulizana ulioenea baadaye duniani kote ulichipuka katika upungufu huo, kwa maana bidhaa bora iliyotolewa bila fundi wa kuihudumia iliwalazimu wateja wake wawe mafundi wa wenzao.

Mwishoni mwa mwaka 1979, Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, walifikiria njia ya kuziunganisha kompyuta za Unix ambazo hazikuwa na nafasi katika ARPANET, na Steve Bellovin wa Chuo Kikuu cha North Carolina akaandika toleo la kwanza la programu ya kazi hiyo. Mtandao uliozaliwa, ulioitwa Usenet, ulitangazwa mwaka 1980, na mwaliko wake kwa vyuo vingine ulitabiri kwamba ujumbe wa mwanzo huenda ukahusu marekebisho ya hitilafu, taarifa za matatizo na vilio vya watu wanaoomba msaada. Utabiri huo una uzito wake katika historia hii: swali la mtu aliyekwama halikuvamia Usenet, bali lilikuwamo katika kusudi lake tangu siku ya kwanza, na wale waliokuja baadaye kuwafukuza waulizaji kana kwamba ni wageni wasioalikwa walikuwa wamesahau mwaliko wenyewe.

Njia iliyotumika ilikuwa laini ya kawaida ya simu. Kompyuta moja iliipigia nyingine, aghalabu usiku, wakati simu za mbali zilipokuwa nafuu, ikaikabidhi ujumbe wote uliokusanyika, na hiyo nayo ikampelekea jirani yake, hata ujumbe ukaweza kuchukua siku kadhaa kufika upande wa pili wa nchi. Modemu nyingi za wakati huo, yaani vifaa vya kugeuza data kuwa sauti inayoweza kupita kwenye waya wa simu, zilipitisha herufi kama 30 kwa sekunde, kwa hiyo barua ya herufi 2,000 ilishika laini kwa zaidi ya dakika moja, na dakika hiyo ililipiwa upya katika kila hatua ya safari. Mlipaji hakuwa mwandishi. Alikuwa idara ya chuo au kampuni iliyokubali kuupokea na kuupitisha ujumbe wa watu wengine, mara nyingi bila wakubwa wake kujua vizuri bili hiyo ilitokana na nini.

Jinsi gharama hiyo ilivyogeuzwa kuwa adabu inaonekana waziwazi katika programu zenyewe. Larry Wall, ambaye baadaye alibuni lugha ya programu ya Perl, alitoa katikati ya miaka ya 1980 programu maarufu ya kusomea ujumbe wa Usenet, na chombo kilichoambatana nayo cha kutuma ujumbe kilimwonya mwandishi kwamba maneno yake yangekwenda kwenye maelfu ya mashine na kuugharimu mtandao mamia, kama si maelfu, ya dola, kisha kikamwuliza kama alikuwa na hakika kabisa ya kutaka kuendelea. Programu nyingine ya kupokelea ujumbe ilihesabu mistari, na ikakataa kupitisha jibu lolote ambalo maneno yaliyonukuliwa kutoka kwa mwandishi wa awali yaliyazidi maneno mapya. Wapo waliolikwepa sharti hilo kwa kuongeza mistari isiyo na maana mwishoni, lakini wengi walijifunza kupitia kwake ustadi ambao mwandishi wa leo anaweza kuuonea wivu: kukata nukuu hadi ibaki sentensi ileile inayojibiwa, na kuweka jibu chini yake, ili msomaji ambaye huenda ujumbe wa kwanza haujamfikia apate kuelewa kinachozungumzwa.

Kanuni iliyokuwa nzuri kuliko zote za wakati huo ni ile ya muhtasari, na ndiyo iliyopotea mapema zaidi. Katika programu ya Wall, msomaji aliyebonyeza herufi moja alimjibu mwulizaji peke yake kwa barua pepe, na aliyebonyeza herufi nyingine alijibu mbele ya mtandao mzima. Adabu ilitaka majibu ya maswali ya kawaida yapite njia ya kwanza. Mwulizaji alipokea barua zake, labda kumi, labda ishirini, akazijaribu tiba zilizopendekezwa kwenye mashine yake, kisha akarudi hadharani na ujumbe mmoja unaoeleza tatizo lilikuwa nini, ni pendekezo lipi lililofaa, lipi halikufaa, na nani wa kushukuriwa. Kwa utaratibu huo mtandao uliokolewa usibebe majibu ishirini yanayofanana, lakini faida yake kubwa ilikuwa ya namna nyingine: mwulizaji alikabidhiwa kazi ya mhariri, akalipa deni lake kwa kuwaachia wengine maarifa yaliyopimwa, na katika kuyapima akajifunza kuliko ambavyo angejifunza kwa kupewa jibu tu. Kanuni hii ilieleweka kwa urahisi na watu waliojua kwamba kila mstari unalipiwa. Laini zilipokuwa za bei nafuu, hakuna aliyeiona haja yake tena, na hasara yake haikuhesabiwa.

Mafunzo haya yote yaliandikwa na watu wa kujitolea. Chuq Von Rospach alitunga mwongozo wa kuishi na jumuiya ya Usenet, ambao ulisambazwa mara kwa mara kwa wageni kwa miaka mingi, na shauri lake la msingi lilikuwa kwamba nyuma ya kila ujumbe yupo binadamu. Brad Templeton alitunga maandishi ya kejeli yanayotoa ushauri mbaya kwa makusudi, akimpa mshauri wake wa kubuni jina linalomkumbusha msomaji Emily Post, Mmarekani aliyechapisha kitabu chake cha adabu za kijamii mwaka 1922. Mwongozo wa Von Rospach ndio uliobeba mzigo mkubwa wa kuwafunza watu, kwa kuwa ulitoa sababu za kila shauri, na msomaji aliyepewa sababu aliweza kuamua mwenyewe pale kanuni ilipokaa kimya.

Swali linalorudiwa lilikuwa tatizo la aina yake, na chanzo chake kilikuwa uhaba mwingine, ule wa nafasi kwenye diski. Kompyuta nyingi zilifuta ujumbe wa Usenet baada ya siku au wiki chache, kwa hiyo mgeni aliyeingia katika baraza, kama yatakavyoitwa hapa makundi ya mada yaliyomo katika mtandao huo, hakukuta hata alama ya yale yaliyojadiliwa mwezi uliopita. Hakuwa mvivu, hapakuwa na cha kusoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Eugene Miya wa shirika la NASA, akishiriki katika orodha ya barua pepe iliyohusu safari za anga za juu, alianza kukusanya maswali yaliyoulizwa mara kwa mara pamoja na majibu yake na kuyatuma tena kila baada ya muda fulani, na mtindo huo ukaenea katika mabaraza ya Usenet hadi baraza lisilo na orodha ya namna hiyo likaonekana kuwa na upungufu.

Kazi ya Steve Summit katika baraza la lugha ya C yatosha kuonyesha kina ambacho orodha hizo zilifikia. Wanaojifunza lugha hiyo husumbuliwa na kielekezi, yaani thamani inayoonyesha mahali data ilipo katika kumbukumbu ya kompyuta, na hasa na kielekezi tupu, ambacho kwa makusudi hakionyeshi mahali popote, lakini katika msimbo huandikwa kwa tarakimu ya sifuri. Je, sifuri hiyo ni anwani halisi ya kumbukumbu? Je, mashine zote huihifadhi kwa namna moja? Maswali hayo yaliulizwa kila wiki, na kila wiki yalijibiwa, na baadhi ya majibu yalikuwa na makosa yaliyozaa mabishano mapya. Summit, kuanzia mwaka 1990, aliyapangia sehemu nzima, akilifungua swali moja baada ya jingine kwa mpangilio wa mwalimu anayejua mwanafunzi atakwama wapi, na mwaka 1995 orodha yake iliyopanuliwa ilichapishwa kuwa kitabu na Addison-Wesley. Kazi ya namna hii inastahili kuwekwa katika historia ya elimu na si katika historia ya kompyuta pekee. Mtu aliyechoshwa na swali lilelile alikuwa na njia mbili, kumkemea mwulizaji au kuandika jibu moja lililo bora kuliko majibu yote yaliyotangulia, na waandishi wa orodha hizo walichagua njia ya pili.

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia katika simulizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya huduma kamili ya intaneti kufika, taasisi kadhaa za Kenya, Uganda na Tanzania zilipata barua pepe kwa mbinu ileile ya kompyuta kupigiana simu na kukabidhiana mafurushi ya ujumbe; mtandao wa HealthNet, ulioanzishwa na shirika la SatelLife la Marekani kwa ajili ya madaktari na watafiti wa afya, ulikuwa mmoja wa mitandao iliyotumia njia hiyo, na katika Chuo Kikuu cha Makerere Charles Musisi alikuwa miongoni mwa waasisi wa huduma kama hiyo. Kwa watumiaji hao bei ya dakika moja ya simu ya kimataifa haikuwa kumbukumbu ya zamani. Ghala kuu la orodha za maswali, lililokuwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, lilikuwa na seva iliyosoma barua pepe na kumrudishia mwombaji faili aliyoitaja, kwa hiyo mtu asiye na chochote ila barua pepe aliweza kuomba maarifa ya baraza zima na kuyapokea baada ya simu ya usiku uliofuata au wa pili yake. Orodha hizo, zilizoandikwa ili wataalamu wa Marekani wasichoshwe, ziligeuka kuwa maktaba ya watu ambao waandishi wake hawakuwafikiria.

Swali lililoulizwa vizuri lilikuwa na uzito wake pia. Tarehe 3 Julai 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliyeitwa Linus Torvalds aliandika katika baraza la Minix, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia, kwamba kwa sababu ya kazi aliyokuwa akiifanya alihitaji maelezo ya kiwango cha POSIX, yaani kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix, ikiwezekana kwa muundo unaosomeka na kompyuta, na kwamba angefurahi kuelekezwa kwenye ghala la faili la mtandaoni. Katika mistari michache alikuwa ameeleza kinachomsukuma, anachotaka, na namna ambayo kingemfaa. Wiki chache baadaye, tarehe 25 Agosti, alitangaza mfumo wake mwenyewe katika baraza lilelile na kuwauliza wasomaji wangependa uwe na nini, na Ari Lemmke, Mfini mwenzake, akampa nafasi kwenye seva ya ftp.funet.fi, katika folda aliyoipa jina la linux.

Utulivu wa mabaraza hayo ulitegemea hesabu ya watu. Kila Septemba vyuo vya Marekani vilipofunguliwa, wanafunzi wapya walimiminika katika Usenet bila kujua desturi zake, na kufikia Oktoba au Novemba wengi walikuwa wamejifunza au wameondoka, kwa kuwa wenyeji walikuwa wengi kuliko wageni. Kampuni za huduma za nyumbani, hasa America Online, zilipowafungulia wateja wao mlango katika miaka ya 1993 na 1994, wimbi la wageni halikukoma, na wenyeji wakauita mwezi Septemba wa 1993 mwezi usiokwisha. Lawama nyingi ziliwaangukia wageni hao, lakini anayezichunguza hesabu hataona dhambi yao. Desturi iliyofundishwa kwa kuigwa inahitaji mtu wa kuigwa kando ya kila mwanafunzi, na uwiano huo ulikuwa umevunjika.

Jibu la wataalamu lilikuwa kuandika. Oktoba 1995 ilitoka RFC 1855, iliyoandikwa na Sally Hambridge wa kampuni ya Intel kwa niaba ya kikosi kazi cha uhandisi wa intaneti, ikikusanya adabu za mtandao kwa pamoja: herufi kubwa ni sawa na kupiga kelele, saini isizidi mistari minne, jibu la hasira lilale hadi kesho, na mgeni asome mazungumzo ya baraza kwa mwezi mmoja au miwili kabla ya kuandika neno. Shauri la mwisho lilikuwa jema, ila lilimfaa mtu mwenye nafasi, si mfanyakazi ambaye mashine ya ofisi yake imegoma asubuhi hiyo na bosi anasubiri. Hapo ndipo adabu za wenyeji na mahitaji ya wageni zilipoanza kuachana.

Kati ya miaka hiyo na mwanzo wa karne mpya, gharama ilikuwa imehama kutoka kwenye waya kwenda kwa mtu. Kutuma ujumbe kulikuwa karibu bure, lakini wajuzi hawakuwa wameongezeka kwa kasi ya waulizaji, na kifupisho cha kumwamuru mwulizaji akasome mwongozo, kilichobeba ndani yake neno la matusi, kilikuwa kimezoeleka kiasi kwamba kompyuta ile ya Massachusetts iliyohifadhi orodha za maswali ilipewa jina hilo hilo. Wakati huohuo jambo jipya lilikuwa limebadilisha wajibu wa mwulizaji. Kampuni ya Deja News ilianza mwaka 1995 kuhifadhi ujumbe wa Usenet na kuruhusu utafutaji ndani yake, na mwaka 2001 Google ikalinunua ghala hilo. Tangu hapo mgeni aliweza kusoma yaliyopita, na ilikuwa haki, kwa mara ya kwanza, kumwuliza kama alitafuta kabla ya kuuliza.

Maandishi mawili ya kipindi hicho yamekuwa na athari kuliko mengine. La kwanza, la mwaka 1999, ni mwongozo wa kuripoti hitilafu wa Simon Tatham, Mwingereza aliyeunda programu ya PuTTY, na hoja yake ni kwamba mrekebishaji hawezi kuona skrini ya mwulizaji, kwa hiyo aambiwe hatua zilizofuatwa, kilichotarajiwa, kilichotokea, na maneno kamili ya ujumbe wa kosa, huku mambo yaliyoonekana yakitenganishwa na makisio. Mtu anayeandika kwamba programu haifanyi kazi hajasema kitu. Anayeandika kwamba alifungua faili fulani, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na kikatokea kisanduku chenye maneno haya, amempa mrekebishaji nusu ya kazi ikiwa imekwisha. La pili, la mwaka 2001, ni la Eric Raymond na Rick Moen, linalofundisha kuuliza kwa werevu: kichwa cha ujumbe kitaje kitu na kasoro yake, mwulizaji aeleze lengo lake na si hatua moja tu aliyokwama, asiandike kuwa swali lake ni la haraka, na tatizo likishatatuliwa arudi kueleza lilivyotatuliwa. Shauri hilo la mwisho ni mabaki ya ule muhtasari wa Usenet.

Maandishi hayo mawili hulinganishwa mara nyingi, na kwa haki la Tatham hupewa nafasi ya juu. Ushauri wa Raymond na Moen ni sahihi karibu wote, lakini umeandikwa kwa sauti ya mlinzi wa lango, ukimweleza mwulizaji kwamba wajuzi wana haki ya kuwa wakali naye, na wengi walioutuma kwa wageni waliuchukua ukali wakaacha mafunzo. Tukio moja linaonyesha jinsi ulivyotumiwa: miradi mingi ya programu iliweka kiungo cha maandishi hayo kwenye kurasa zake za msaada, na wageni waliofuata kiungo wakawaandikia waandishi wake wakiomba msaada kuhusu programu ambazo hawakuhusika nazo, hadi ikabidi lisimikwe mwanzoni onyo kwamba wao si dawati la huduma la mradi wowote. Watu waliopewa somo la kuuliza walikuwa bado wanatafuta mahali pa kuulizia.

Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu iliyofunguliwa kwa umma Septemba 2008 na Joel Spolsky na Jeff Atwood, ilihamisha adabu kutoka kwenye mawaidha kwenda kwenye mitambo. Jibu bora lilipanda juu kwa kura, aliyejibu vizuri alipata alama zilizompa mamlaka ya kuhariri na kufunga maswali, na swali lililokwisha kuulizwa lilifungwa na kuelekezwa kwa lile la kwanza. Swali halikuwa tena mali ya mwulizaji, bali ukurasa wa kumbukumbu kwa atakayefika na tatizo hilohilo miaka mitano baadaye, na ndiyo maana salamu, shukrani na jina la mwandishi viliondolewa na wahariri kama maneno ya ziada. Kwa Mswahili kanuni hii ni ngumu kuliko inavyoonekana, kwa maana amelelewa katika desturi ambayo haja haitajwi kabla ya hali kujuliwa, na mkubwa haulizwi neno kabla ya kuamkiwa; anayeingia hapo na habari za kazi, kisha akakuta salamu yake imefutwa, anaweza kudhani amekataliwa yeye, wakati kilichokataliwa ni mstari ambao msomaji wa elfu moja hatauhitaji. Kwa kuwa tovuti hiyo ilifungua matawi ya Kireno, Kijapani, Kirusi na Kihispania lakini si ya Kiswahili, hakuna aliyelazimika kuamua jinsi adabu hizo mbili zingepatanishwa.

Mitambo ilifanya kazi vizuri hadi ikawatisha watu. Aprili 2018, Jay Hanlon, kiongozi katika kampuni iliyoendesha Stack Overflow, alikiri hadharani kwamba wengi, hasa wanagenzi, wanawake na watu wasio weupe, waliiona tovuti kuwa mahali pa uhasama, na mwaka huohuo kanuni mpya za mwenendo zikatolewa. Septemba ya mwaka huo Torvalds, ambaye miaka mingi alijulikana kwa majibu makali kwa wachangiaji wa Linux, aliomba radhi, akachukua mapumziko, na mradi ukapokea kanuni za mwenendo zilizojengwa juu ya zile alizoziandika Coraline Ada Ehmke mwaka 2014. Mradi wa Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulikuwa na kanuni za namna hiyo tangu miaka yake ya mwanzo, bila kungoja watu waumizwe.

Novemba 30, 2022, kampuni ya OpenAI ilifungua kwa umma ChatGPT, programu inayotunga majibu ya maswali yenyewe, na siku tano baadaye Stack Overflow ikapiga marufuku majibu yaliyotungwa nayo. Sababu iliyotolewa ingeeleweka na mwenye bili ya simu wa mwaka 1980: majibu hayo yalikuwa rahisi kuzalisha, yalionekana sahihi, yalikuwa na makosa mara nyingi, na kazi ya kuyachunguza iliwaangukia watu wa kujitolea wasiotosha. Miaka ya 1990 ilikuwa imelifanya swali kuwa bure. Sasa jibu nalo lilikuwa bure, na kilichobaki na bei kilikuwa uhakiki. Waulizaji wengi walihamia kwenye mashine hiyo, ambayo haidai muhtasari, haimfungi mtu swali, na haimwachii mwingine kumbukumbu ya kilichotatuliwa, na idadi ya maswali mapya kwenye tovuti hiyo ikashuka sana. Mei 2024 tovuti ilitangaza makubaliano ya kuipa OpenAI maarifa yaliyokusanywa humo. Baadhi ya wajibuji walianza kufuta au kuharibu majibu yao kwa kupinga. Majibu yakarudishwa na akaunti za baadhi yao zikasimamishwa, kwa hoja kwamba jibu likishatolewa huwa mali ya jumuiya nzima. Hoja hiyo ndiyo iliyowafanya waandike bila malipo tangu mwanzo, na wao waliisoma kwa maana tofauti: walikuwa wamekubali kulipa gharama ya swali kwa ajili ya mtu atakayekuja kuuliza.